Mwezi wa Athumani

Tangu mume wangu azikwe, watu wa Dodoma wamekuwa wakija kunipa pole na kuniharibia kumbukumbu zangu. Mimi niko eda, sitoki, na mjane aliye eda hana pa kukimbilia. Hukaa kwenye jamvi lake akasikiliza. Kila anayevua viatu mlangoni pangu anayo habari yake ya Mwezi wa Athumani, kisa kilichomfuata marehemu tangu Kondoa hadi kaburini. Mmoja amenieleza kwamba Athumani aliona taa ya Mdachi mlimani akadhani ni mwezi. Mwingine, mtu mzima mwenye ndevu, amesema ilikuwa ndege, mwaka ambao hata reli ilikuwa haijafika Dodoma! Nilimuuliza ndege hiyo ilitua wapi, akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mjane ameanza kuchanganyikiwa. Nimechoka. Nilikuwepo, nilikuwa juu ya paa lenyewe, tena ni mimi niliyekuwa nimeshika darubini. Mwalimu alinifundisha kuandika nikiwa mdogo, basi acha niandike, ili anayetaka kusimulia baada ya leo awe anasema uongo kwa makusudi.

Sitaanza na nilizaliwa na nani wala babu zangu walikuja na msafara gani. Inatosha kujua kwamba mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na sita, na nilikuwa nikiishi Kondoa kwa shangazi yangu Mwajuma, mke wa Mwalimu aliyesalisha msikiti wetu. Nyumba yetu ilikuwa tembe, ndefu na ya kiza, yenye paa bapa la udongo ambalo mtu aliweza kupanda na kutembea juu yake. Chumba cha mwisho, kilichoelekea uani, shangazi alimpangisha Mdachi mmoja mpimaji wa ardhi, kwa sababu hakutaka kulala bomani na wenzake. Chumba kile kilinuka mafuta ya taa, ngozi ya viatu na ile dawa chungu ya homa. Karatasi zake zilijaa hadi kitandani, na yeye alilala pembeni mwa kitanda kama mgeni wa karatasi hizo. Alikula ugali wa uwele na mlenda akiwa amefumba macho. Kiswahili chake kilikuwa cha amri tu: leta, weka, ondoa, ngoja. Neno moja tu alilisema kwa upole, nalo ni tazama.

Darubini yake ilikuwa bomba la shaba lenye urefu wa mkono wangu, na miguu mitatu ya mti, ndani ya sanduku jekundu lililotandikwa kitambaa. Mchana alipimia milima. Jioni, baada ya magharibi, aliipandisha paani, akaniita mimi na shangazi, na shangazi akaketi katikati yetu na ungo wa mtama, akichambua kwa kelele, ili mji wote usikie kwamba yupo. Nilitazama. Niliona kwamba uso wa mwezi una makovu ya ndui. Niliona kwamba nyota ya Mushtari ina vidogo vinne vinavyoizunguka na kuhama kila siku. Niliona kwamba Zuhura, ile nyota kali ya jioni ambayo kila mtu anaijua, si kitone cha mwanga hata kidogo. Ndani ya bomba ilikuwa nusu duara, na wiki baada ya wiki ilinenepa kwa urefu na kukonda kwa upana, ikawa na pembe mbili kama mwezi mchanga. Na upande wa kusini nilionyeshwa vile viwingu viwili vyeupe visivyoleta mvua wala kusogea na upepo. Ndani ya bomba viliwaka kama unga wa nyota. Mwalimu mmoja wa shule hapa Dodoma ameniambia hivi karibuni kwamba kila kimoja ni galaksi, mji mzima wa nyota ulio mbali kuliko nyota zote tunazozihesabu. Sikushangaa. Nilijua tangu siku ile kwamba ninatazama kitu ambacho hakinihusu kabisa, na sijawahi kufurahi namna ile tena.

Kisha Mdachi akashikwa na homa kweli kweli. Wapagazi walimbeba kwa machela kuelekea pwani, mdomo umekauka, na maneno yake ya mwisho kwa shangazi yalikuwa, "Tunza. Mimi rudi." Hakurudi, wala hatukusikia kama alifika. Shangazi alilisukuma sanduku chini ya kitanda changu akaniambia, "Wewe ndiye unayelipenda, basi lilinde. Likipotea sisemi na mtu, nasema na wewe." Sikuwa na kitu kingine duniani. Kanga zangu zilikuwa za shangazi, sahani yangu ilikuwa ya shangazi, hata jembe nililolimia lilikuwa la mtu. Bomba lile ndilo lililokuwa langu.

Kosa langu ni kwamba sikuweza kufurahi peke yangu. Nilimwonyesha jirani mmoja makovu ya mwezi, na kesho yake magharibi nilikuta watu kumi na wawili wamepanda paani kwetu. Tangu hapo hapakuwa na amani. Watu wakija kutazama mbingu hawataki mbingu! Askari mmoja alitaka kuona kama mlinzi wa boma amelala. Akamwona amesimama kichwa chini miguu juu, maana bomba lile lilipindua kila kitu, akanishutumu kuwa ninaitukana serikali. Mfanyabiashara wa asali alitaka kujua kama punda wake wamefika mtoni. Wanaume wawili walitaka kuangalia ua wa mtu, nikawafukuza na ufagio. Udongo wa paa ulidondoka ndani ya chungu cha mlenda, shangazi akapiga kelele kutoka chini, "Tatu! Wateremshe hao watazama nyota wako kabla sijawatazamisha mimi!" Nilipowaambia watu watazame viwingu vya kusini, walinijibu, "Mawingu tunayo, binti. Tuonyeshe pesa." Mtu pekee aliyetazama kwa adabu alikuwa bibi mmoja Mrangi, mkulima, aliyepanda ngazi akihema ili akione Kilimia, zile nyota sita zinazowaambia watu wakati wa kulima. Alitazama muda mrefu mpaka foleni ikaanza kunung'unika. Alipoinua uso alikuwa amekasirika.

"Mbona ni nyingi?"

"Ndivyo zilivyo, bibi. Macho yetu tu ndiyo yanaona sita."

"Nimelima maisha yangu yote kwa sita," alisema, "na nimevuna. Hizi nyingine zilikuwa zinafanya nini?" Akateremka bila kuaga.

Katika foleni ile hakukosekana Athumani. Alikuwa na miaka kama ishirini na miwili, muadhini wa msikiti wetu, mwenye sauti iliyofika hadi mashambani na shingo iliyojua kwamba sauti inafika. Athumani hakuwahi kuuliza swali. Alitazama kwa muda wa kupepesa jicho, kisha akageuka na kuwaeleza waliokuwa nyuma yake. Nilipomwonyesha Mushtari na vile vidogo vinne, aliwatangazia watu kwamba ni wake zake wanne, na kwamba hiyo ni hoja kwa wanaobisha. Watu walicheka na kumshangilia. Nilimwambia, "Kaka Athumani, tazama vizuri, kesho vitakuwa vimehama." Akanijibu, "Wanawake huhama." Nilitamani kumsukuma kutoka paani. Nilipomwita atazame Zuhura, alisema Zuhura anaijua tangu utotoni, haihitaji bomba. Laiti angetazama siku ile! Ningekuwa sina cha kuandika.

Ramadhani ya mwaka huo iliangukia mwanzo wa mawingu. Siku zilikuwa za joto zito, vumbi jekundu limesimama hewani, na kila alasiri mawingu yalijikusanya magharibi bila kumwaga tone. Mwalimu, akingoja futari kwenye kibaraza, alirudia kila siku ule msemo wa wakulima: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Tulikunywa uji wa uwele, tukala mihogo kwa asali, na siku za mwisho shangazi alianza kuficha mchele wa Iddi, maana mchele ulikuja kwa misafara na haukuwa wa kila siku. Siku ya ishirini na tisa, baada ya alasiri, nilikuwa natwanga nyuma ya ukuta wa matete nikawasikia wanaume kibarazani. Athumani alikuwa akisema, "Mwalimu, kwa mawingu haya jicho halitauona mwezi. Lakini bomba lipo." Mwalimu alikuwa mtu mpole, mwenye tabia mbaya moja: alimwamini anayesema kwa sauti. Aliuliza tu kama ni halali. Athumani akasema jicho ni jicho, kioo ni dirisha tu. Nami niliona fahari, Mungu anisamehe. Niliona kwamba hatimaye bomba langu limepata kazi ya heshima.

Jua lilipozama, paa lilijaa. Magharibi yote ilikuwa imezibwa na wingu la rangi ya majivu, isipokuwa mwanya mdogo uliokuwa na ukungu mwembamba, na nyuma ya ukungu ule kitu kiling'aa. Niliweka miguu mitatu sawa. Kabla sijainama, Athumani alinisogeza kwa bega, akaelekeza bomba kwenye mwanya. Alikaa kimya kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Kisha akainuka, mikono juu.

"Umeandama! Wallahi umeandama! Pembe zake hizi hapa!"

Nilitia jicho. Ilikuwa Zuhura. Niliijua, kama mtu anavyoijua sahani yake mwenyewe. Nilikuwa nimeifuata mwezi mzima ikikonda, na jioni ile ilikuwa ukucha mwembamba, mkali, wenye pembe mbili. Nilisema, "Huu si mwezi. Hii ni Zuhura."

"Zuhura ni nyota," alisema Athumani. "Nyota ina pembe?"

"Ndani ya bomba inayo. Nilikuita uitazame, ukakataa."

Watu walicheka. Mwalimu alinyanyua uso toka chini ya ngazi. "Athumani, umeuona kwa jicho lako?"

"Kwa jicho langu, Mwalimu. Na hawa nao."

Wawili, watatu waliinama, wakaona pembe, wakaapa. Nilisema tena, kwa sauti zaidi, na shangazi akanivuta kanga kutoka chini. "Nyamaza, Tatu! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Mwanya ukaziba. Athumani alikwisha kupanda ukingo wa paa na kuuambia mji wote kwamba kesho ni Iddi, na ngoma ikajibu upande wa pili wa mto.

Kesho yake nilifunga. Mji mzima ulinuka nyama ya mbuzi na wali, watoto wamepakwa mafuta mpaka magotini, na mimi niliketi jikoni nikichochea moto wa vyakula nisivyovigusa. Shangazi aliweka sahani mbele yangu mara tatu. Mara ya tatu alikaa juu ya kinu akamega yeye, na mkono wake ukasita kidogo kabla ya kupeleka tonge mdomoni. Akalila. Sikumlaumu, mume wake ndiye aliyesalisha. Watu walipita dirishani wakiniita mtume wa Zuhura. Nililia, na nilikasirika kwa sababu nililia.

Jioni ile upepo ulisafisha magharibi. Watu walikuwa barabarani na nguo zao mpya, wameshiba, wakataka kuuona mwezi wa siku ya pili, mnene kidogo, uliopanda. Walichokiona kilikuwa uzi. Ulikaa chini sana juu ya vilima, mwembamba, mwezi wa siku ya kwanza ambao hata kipofu angeutambua kwa ukimya ulioingia mjini. Na kando yake, peke yake, kali, iliwaka Zuhura. Sikungoja kuitwa. Nilipandisha bomba paani nikalielekeza kwenye Zuhura, nikasema kila mtu apande, mmoja mmoja. Walikuja. Walitazama pembe ndani ya bomba, wakainua uso wakatazama mwezi, wakainama tena. Unadhani walisema Tatu alikuwa sahihi? Mmoja alisema nyota imeiga mwezi. Mwingine akasema labda ni mtoto wake. Mwenye macho haambiwi tazama, ndivyo tunavyosema, lakini mimi nimewaambia watu watazame maisha yangu yote na bado.

Mwalimu alipanda mwisho. Alitazama, akakaa chini juu ya udongo wa paa na nguo zake nyeupe za Iddi. Alikuwa amewalisha watu wote siku ya saumu. Alisema polepole kwamba kila aliyekula atalipa siku moja, yeye wa kwanza. Kisha akamgeukia Athumani.

"Jana uliona kipi?"

Hapo ndipo kila kitu kilipokuwa. Kama angesema, nilikosea, niliambiwa sikusikia, aibu ingekuwa yake kwa siku chache na bomba lingebaki kwangu. Alinitazama. Alijua, niliona kabisa kwamba alijua. Akasema, "Chombo kilinidanganya, Mwalimu. Ni kitu cha Mzungu." Na watu wakashusha pumzi, maana sasa hapakuwa na mtu aliyekosea, lilikosea bomba. Mwalimu aliamuru liondoke nyumbani mwake jioni hiyo hiyo, lirudishwe bomani. Nililishika sanduku kwa mikono miwili. Shangazi alinifungua vidole kimoja kimoja, naye analia. Aliyelibeba ni Athumani.

Miaka minne baadaye niliolewa naye. Msiniulize. Alileta posa mara tatu, na mara ya tatu Mwalimu alikuwa mgonjwa na akaniomba. Reli ilipofika Dodoma tulihamia huku, akapata kazi stesheni ya kupaza sauti kwa abiria, kazi aliyozaliwa nayo. Hakuwa mume mbaya. Hakunipiga, hakuninyima, hata barua alinisomea kwa sauti ingawa nilijua kusoma. Kila Alhamisi alifunga, na mimi kwa miaka zaidi ya arobaini niliamka kumpashia daku, nikidhani ni sunna tu, nikinung'unika kwamba mtu hawezi hata kufunga bila kumsumbua mwenzake. Alifuturu haraka, kisha akatoka kwenda kwa rafiki yake Fundi Idi, seremala, huko Kizota. Na kila mwaka, Shaabani ikiisha, nilimuuliza lile swali la Mwalimu: "Athumani, siku ile uliona kipi?" Naye alitazama ndani ya kikombe akasema, "Chai imepoa."

Wiki iliyopita Fundi Idi alikuja. Hakuvuka kizingiti kwa ajili ya eda yangu. Aliketi nje ya mlango, akapiga hodi na kunipa shikamoo, maana mimi nimemzidi umri, kisha akasukuma kitu ndani kwa mguu. Kilikuwa sanduku jekundu.

"Alisema nikuletee akifa," alisema. "Bomani hakulipeleka. Aliliweka kwao, kisha kwangu."

Miaka yote ile nimepika, nimezaa, nimezika, na bomba langu lilikuwa Kizota chini ya benchi la seremala! Nilifungua. Shaba imekuwa ya kijani, kioo kina ukungu. Ndani ya kifuniko, kwa kalamu ya risasi, kwa ule mwandiko mbaya wa Athumani wa herufi za Kiarabu, palikuwa na majina, safu kwa safu, yamepigwa mistari. La kwanza lilikuwa la Mwalimu. La pili la shangazi Mwajuma. Halafu mji mzima: mwenye asali, wenye kuapa, watoto waliokuwa wamepakwa mafuta.

"Ni waliokula kwa kauli yake," alisema Fundi Idi. "Alifunga siku moja kwa kila mmoja. Akimaliza mzunguko wa majina ya wengine, anaanza tena juu, anapiga mstari wa pili. Alisema hana hakika kama waliolipa walilipa."

"Dini haisemi hivyo! Kila mtu hulipa yake. Angemuuliza mwalimu yeyote angeambiwa."

"Nilimwambia aulize."

"Na hakuuliza."

"Hakuuliza, dada."

Nilisoma majina yote kwa kidole. Langu halikuwamo. Nililitafuta mara mbili, kisha nikaelewa: mimi sikula. Katika maisha yetu yote hilo ndilo jibu pekee alilonipa, na alilificha Kizota. Jina la mwisho, chini kabisa, lilikuwa lake mwenyewe. Halikupigwa mstari hata mmoja. Alikuwa ameliacha liwe la mwisho, kama mtu mwenye nyumba anayekula baada ya wageni, na mauti yakamkuta bado anadaiwa. Mtu huanza na deni lake, Athumani! Hata watoto wa chuo cha Kurani wanalijua hilo.

Mtu akifa na siku ya saumu juu yake, walio wake wanaweza kumfungia. Jana ilikuwa Alhamisi. Nilijipashia daku mwenyewe, nikafunga, nikasikiliza wageni wawili wakinisimulia habari ya ndege. Jua lilipozama niliketi uani, nikafuturu kwa maji na tende, nikasafisha kioo kwa pindo la kaniki na kuliegemeza bomba kwenye ukuta. Zuhura ilikuwa palepale, magharibi. Safari hii ilikuwa nusu duara. Nilichukua kalamu ya risasi nikapiga mstari kwenye jina lake, mmoja, ulionyooka.

"Ilikuwa Zuhura," nilimwambia.

Nilingoja aseme chai imepoa.